Umusave wa Mama

Kigali, Alhamisi, Novemba 1993

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na mimi nimelia tangu saa nane mchana. Afadhali niandike.

Baba alikuja leo kwenye maabara ya miche ninakofanya kazi. Alipanda basi kutoka Kabuga, amepakata kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo wa nyumbani, ameuchekecha vizuri kabisa. Alikuja kuchukua mche.

Mche haupo. Nilimdanganya.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia vichipukizi vya umusave wa mama vimeota mizizi. Mti ule ulikuwa mbele ya nyumba yetu. Mama alipofariki mwezi wa nane tuliukata tukamtengenezea jeneza, na kisiki kikaishia kuwa kuni za msiba. Kilichobaki ni vichipukizi sita kwenye chupa zangu, kutoka matawi niliyokata mwanzoni mwa ugonjwa wake, yeye mwenyewe akiniinamishia. Basi baba aliponiuliza, nilishindwa kusema hapana.

Kosa ni langu, wala si la dawa. Mti mgumu namna ile ukishatiwa dawa ya mizizi unataka giza wiki nzima. Dada Consolata, mkubwa wangu maabarani, alizifunga chupa kwa kitambaa cheusi akaniambia nisifunue hata kidogo. Mimi nilifunua kila asubuhi. Nilikuwa nawahi kufika kabla yake, nafungua, natafuta mzizi, nafunga. Mwanga ukaingia kila siku. Badala ya mizizi, mashina yakavimba chini, donge jeupe kama tonge la ugali, na vinne vikaoza.

Nilimpa baba chupa moja. Aliipeleka dirishani, akaigeuzageuza. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye magereji ya Gikondo, na Kiswahili chake ni cha huko, hakizunguki.

"Mizizi iko wapi, binti yangu?"

"Haipo, baba. Nilikuwa nafungua kila siku kuangalia."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Aliiweka chupa mezani. Halafu akasema polepole, "Mama yako alikungoja sana."

Jamani! Bora angenipiga.

Ni kweli. Miezi mitatu mama yuko kitandani, mimi nilienda Kabuga mara mbili tu. Nilisingizia vizuizi vya wanajeshi njiani, nikasingizia kazi. Wanawake wenzangu wanaokwenda sokoni wanavipita vizuizi hivyohivyo kila siku na vikapu vyao. Niliogopa kumwona alivyokonda, basi. Mama yangu mzazi, nikamwogopa.

Baba ameliacha kopo juu ya meza yangu. Anasema hawezi kurudi nalo, majirani wote wanajua amefuata nini mjini, na shimo ameshalichimba kando ya kaburi. Nilimsindikiza mpaka kituoni, mvua ikitunyeshea wote wawili.

Vichipukizi viwili bado vina uhai. Jioni nimekata madonge yake, nimevitia dawa upya, na Dada Consolata amevifungia kabatini. Ufunguo nimemwomba akae nao yeye. Vitaota? Sijui, na safari hii sitachungulia.

Jumapili nakwenda Kabuga kushinda na baba. Sina cha kumpelekea. Nitaenda hivyo hivyo.