Maji ya Kukuosha, Ujiji

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nitazileta mwisho. Kwanza nikugombeze: nani aliyekuambia ukaolewe mbali hivyo? Kisauni nzima, hapa Mombasa, imejaa wanaume, wewe ukamchagua yule kibarua wa bandarini Kipevu aliyekuwa akitusifia ziwa la kwao kila tukimpa chai. Akakuchukua hadi Ujiji, na sisi tukapiga vigelegele kama wajinga.

Nilipokuja kukuona mwaka jana nilishuka basi siku ya tatu, miguu imevimba, nikaanza kulalamika pale pale stendi. Ulicheka hadi ukashika mbavu. "Dada, watu wa pwani zamani walikuja huku kwa miguu, miezi na miezi. Wewe umekaa kitini, walia?" Ukanitembeza mji mzima nione walipofikia: nyumba kuukuu za udongo, milango ya nakshi kama ya kwetu, miembe iliyoachwa na misafara. Nilisema mashallah kila ulipotaka niseme, lakini nilikuwa nikikutazama wewe. Ulikuwa umekonda. Kila baada ya nyumba mbili ulisimama kupumzika, ukajifanya wanionyesha kitu.

Tulikaa ufukweni, milima ya Kongo ikionekana ng'ambo. Nikakwambia utie miguu ziwani. Ulitia kidole kimoja ukapiga yowe, waanika dagaa wote wakageuka. Hukubadilika hata kidogo. Tangu utotoni huogi mpaka nikupashie maji, na mama akinisema mimi kwa kumaliza makaa.

Hapo ndipo ulipomtaja mama, na kazi yake ya kuosha maiti wa kike mtaani, na ahadi tuliyopeana siku tuliyomuosha yeye, mimi na wewe, kwamba atakayebaki atamuosha mwenzake.

"Dada, nikitangulia, utaniosha wewe?"

"Mimi ndiye mkubwa. Utaniosha wewe. Nyamaza."

"Sema inshallah basi."

Nikasema inshallah. Baada ya siku chache nikapanda basi, nikarudi Kisauni kukaanga viazi karai vyangu vya kuuza.

Mumeo alipiga simu asubuhi moja, mikono yangu ikiwa na unga wa viazi. "Shemeji, ametutoka alfajiri. Watu wanauliza, tukungojee?"

Nilihesabu siku tatu za basi. Hata ndege isingenifikisha siku ile. Na mama alitufunza kwamba maiti hasubirishwi. Nikamwambia, "Msimuweke. Mzikeni." Ni mdomo wangu uliosema, mdogo wangu, hakuna aliyenilazimisha. Kisha nikakaa chini, mafuta yakaungua jikoni, na mikono sikujua niipeleke wapi.

Nilifika siku ya nne. Udongo wa kaburi lako ulikuwa umeshakauka. Nilisimama nikasoma Fatiha, nikashindwa kuimaliza, nikaanza tena. Miembe ilikuwepo, milango ilikuwepo, ziwa lilikuwepo. Niliuchukia mji wote ule, Mungu anisamehe.

Jirani yako aliyekuosha alinipokea kwake, akanishika mikono na kunieleza kila kitu: majani ya mkunazi, kafuri, nywele zako alivyozisuka mikia mitatu. Alisema uso wako ulikuwa umetulia. Nilimshukuru, wallahi, kutoka moyoni. Alipomaliza akaniuliza, "Kuna jingine ungependa kujua, dada?"

Lilikuwepo moja tu. Walikupashia maji, au walikuosha kwa ya baridi?

Lilinifika mdomoni. Nikamtazama yule mama, macho yamemvimba kwa ajili yako, nikajua kwamba akisema ya baridi sina la kufanya, na akisema ya vuguvugu sitamwamini. Nikasema hakuna, ahsante.

Nimerudi Kisauni nalo. Nikiteleka maji ya chai nalikumbuka, na mchana nikikaanga viazi nalikumbuka. Kukuponya sikuweza, wala kukuzuia usiende. Kukupashia maji tu ndiko nilikoweza siku zote, tangu ukiwa mtoto, na siku uliyoyahitaji sikuwepo.

Salamu nilizokuahidi ndizo hizi. Mfikishie na mama. Asinigombeze safari hii.

Dada yako