Nukta ya Mlimani

Nyumbani kwa bibi yako,
mezani jikoni.
Jumapili, 9 Machi.

Mjukuu wangu mpendwa,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipokuwa mdogo ukinibebea mwiko wa kuchimbia, nalo limo kwenye ramani yangu. Leo nitalitoa. Lakini nikitanguliza habari kabla ya salamu, bibi yako atageuka kaburini, kwa hiyo ngoja kwanza nikujulie hali.

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua? Unakula, au bado unaishi kwa chai na kompyuta? Mimi nashukuru, nipo. Miguu imegoma, pumzi inakuja kwa mafungu, na daktari siku hizi anazungumza nami kwa upole. Unajua daktari akianza upole maana yake nini. Siogopi. Nimefukua makaburi ya watu wengi mno, siwezi kulalamika zamu yangu ikifika.

Shangazi yako ananitunza vizuri, kwa ukali. Kitanda changu amekihamishia hapa jikoni, nyuma ya mlango, kwa ajili ya joto. Sasa hivi amepita akaona nimeshika kalamu na vidonge viko vilevile kwenye kisahani. "Mjomba, dawa haimezwi kwa macho." Nimemeza.

Barua yako nilisomewa, kisha nikairudia mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Kazi yako nimeielewa kuliko unavyodhani. Sisi mahame, makao ya kale yaliyoachwa, tuliyatafuta kwa miguu, macho chini kama watu waliopoteza pete. Wewe unaiambia kompyuta mahame yanayojulikana yako wapi, mteremko ukoje, maji yako umbali gani, udongo ni wa aina gani. Inapiga hesabu, kisha inaipaka nchi rangi: nyekundu mahali ambapo watu wa kale yaelekea walikaa, nyeupe ambapo si rahisi. Halafu unaijaribu kwa hame moja ulilolificha makusudi, uone kama italigundua.

Ukachagua lile la Mlimani, nililoligundua mimi, lililonipa jina la Mzee Vigae. Kompyuta ikalipaka jeupe pe. Uliponiuliza, "Babu, watu hawa walikuwa wakinywa umande?" nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba wekundu mkali kuliko wote umeangukia nyumbani kwa bibi, na mwalimu wako amesema ramani inayolikosa hame maarufu ikataka kuchimbua nyumba ya watu ni ya kutupwa, na kwamba mwisho wa mwezi utaifuta kazi yote uanze upya. Hapo kicheko kilinikauka.

Usiifute.

Vigae vya Mlimani havikutoka mlimani. Vilitoka bondeni, kwenye kiwanja cha mjane mmoja mwenye watoto wadogo. Nilikuwa nimekwenda siku ya mapumziko kumsaidia kuchimba msingi. Vikatoka vigae, shanga, mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi, majivu juu ya majivu. Kwa furaha ya ujana nikabeba kapu zima mpaka ofisini. Mkurugenzi akashangilia, akanitandikia ramani, akanipa kalamu nyekundu niweke nukta. Kalamu ikiwa mkononi ndipo nilipokumbuka sheria yetu: penye hame, wakazi huhamishwa.

Nikaomba nipewe hadi kesho, nikarudi kwa yule mjane kumweleza. Hakulia. Aliendelea kukanda unga, akasema, "Sawa. Na mimi na hawa watoto mtatuweka wapi, kwenye kabati la makumbusho?"

Kesho yake niliweka nukta mlimani, kwenye mawe matupu, pasipo na mtu wa kuhamishwa. Wenzangu walikwenda kuchimba, wakakosa, wakasema mvua imekomba kila kitu. Sikuwasahihisha. Wasomi wakaandika juu ya watu wa ajabu walioishi mbali na maji, nami nikawa naalikwa kuwaeleza. Uongo ukishapewa kiti cha mbele, mjukuu wangu, kuuinua ni kazi.

Kumsitiri mjane yule sijutii, hata leo. Ninachojutia ni kuiacha nukta mpaka ikaja kukupiga wewe, niliyekufundisha kwa mdomo wangu kwamba mchimbaji huandika alichokiona, mahali alipokiona.

Wape walimu wako barua hii waisome. Aibu ni yangu, na itakapofika huko huenda nitakuwa pasipofikika.

Nisalimie mumeo, na mwanao umbusu kipaji cha uso kwa niaba yangu. Fundi seremala jirani yetu anakusalimu, anauliza kama bado unapanda miti. Mungu akufungulie njia, akupe jicho la kuona na moyo wa kuwasamehe wazee.

Nimemsomea shangazi yako haya yote. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa, kisha akasema, "Mpelekee. Wakija, nitapikia uani." Anayo haki ya kusema, maana alikuwa mmoja wa watoto wale, na aliyekuwa mgongoni mwa mama yao ni baba yako. Mjane yule ni dada yangu, bibi yako. Ramani yako haikukosea hata hatua moja: msingi tuliouchimba siku ile ni wa jiko hili.

Wako akupendaye, akuandikiaye juu ya hame lenyewe,
Babu Vigae