Namba Zinazoshuka Katika Tuta la Matope

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha mikate
Jumapili, tarehe 14 Juni
Mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke

Mpendwa mpwa wangu,

Nianze na afya yako, ya watoto, na ya huyo fundi cherehani wako anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Natumaini kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mimi nipo. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, macho bado yanasoma, na mwenye nyumba ameacha kuniuliza nitahama lini.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini. Umesema wakazi wamekuchagua utie sahihi kwa niaba yao Jumamosi ijayo, ili mgodi uongeze kimo cha tuta la matope. Umesema pia mshauri wa mgodi ni mzee mpole, anasalimia kila mtu, na wanamwita Bwana Shwari. Ukauliza kama ndiye yule. Ndiye. Ukauliza tena kama, baada ya miaka yote hii, si vyema tumsamehe. Hapana.

Nilidhani atafia kitandani kwake, amefunikwa vizuri, na wazo hilo limeninyima usingizi kuliko goti. Kumbe yu hai na bado anatafuta kazi. Nimefurahi, sikufichi.

Lakini hasira yangu haitakusaidia kitu mkutanini, kwa hiyo soma haya polepole. Tuta lile si ukuta wa zege. Mgodi ukishasaga mawe na kutoa unachokitaka, hubaki tope laini, na tope hilo huzuiwa na tuta la mchanga. Likijaa, tuta huongezwa juu, mara nyingi juu ya tope lenyewe. Litasimama maadamu maji hayajapanda ndani yake. Jaza ndoo mchanga mbichi, weka tofali juu, litakaa. Ongeza maji mpaka mchanga ushibe, kisha ipige ndoo teke. Tofali litazama kama halikuwahi kuwapo. Hapo umejua nusu ya wanachojua mainjinia. Nusu nyingine ni suti.

Ili kujua maji yamefika wapi, mabomba membamba huzikwa wima ndani ya tuta. Kuyapima ndiko kulikokuwa kazi yangu. Kila asubuhi niliteremsha utepe wenye kikombe cha chuma mwishoni. Kikigusa maji hutoa sauti kama ya busu, nami nasoma urefu kutoka mdomo wa bomba hadi majini. Shika hapo: tunapima umbali wa kwenda chini. Namba kubwa maana yake maji yako mbali na tuta ni kavu. Namba ikipungua, maji yanapanda.

Sasa tazama ule waraka ulioniletea. Bwana Shwari anajisifu kuwa kwa mwaka mmoja vipimo vimeshuka kutoka mita tisa hadi sita. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Hana hata ujanja mpya.

Hivyo hivyo ndivyo alivyotufanyia sisi. Wakati wetu mpaka wa hatari ulikuwa mita tano. Nilipompelekea mita nne na nusu ofisini alikuwa anakata kucha, wala hakuinua kichwa.

"Wewe bwana, kazi yako ni kupima," akaniambia. "Kuogopa kuna wenyewe."

Akatia sahihi chini ya ukurasa wa daftari langu la vipimo. Wiki iliyofuata aliwaita wakazi katika ukumbi wa shule, akawaonyesha chati, akatangaza kuwa namba zinashuka. Watu wakapiga makofi. Siku ya kumi na moja baada ya mkutano huo tuta likafunguka, tope likafunika mitaa mitatu ya chini. Mama yako alikuwa uani anaanika nguo. Wewe ulikuwa kwa bibi yako, una miaka minne.

Basi Jumamosi usitie sahihi. Usimtukane pia, akitukanwa atajifanya mzee aliyeonewa. Mwombe kwa adabu zote awapandishe wakazi juu ya tuta, ateremshe utepe kwa mkono wake, na mumeo aisome namba kwa sauti. Kisha mwulize, mbele ya waandishi wa habari, namba hiyo ikishuka maji yanakwenda wapi. Akinyamaza, nyamaza naye, hata nusu saa. Usimsaidie neno.

Mwulize pia mpaka wao ni mita ngapi, na nani anaweza kusimamisha kazi bila kuwa mwajiriwa wa mgodi. Mgodi uwaonyeshe ramani ya mahali tope litakapofika, na dakika mlizo nazo za kukimbia. Ukiwa huko, angalia maji yanayochuruzika chini ya tuta. Yakiwa safi, si neno. Yakiwa na rangi ya udongo, tuta linaliwa kutoka ndani: ondoeni watu siku hiyohiyo, mkutano utasubiri.

Pamoja na barua hii unapata daftari nililoondoka nalo ndani ya shati. Kurasa arobaini na tatu, kila moja ina sahihi yake. Mkabidhi mwendesha mashtaka mwenyewe, si karani wake. Nataka Bwana Shwari aketi kwenye kiti kigumu asomewe namba zile moja moja. Akiomba maji, apewe. Sitaki afe mapema.

Kuna jambo hukuuliza. Siku ile ukumbini hapakuwa na msumari wa kutundikia chati. Aliyeishika juu, kwa mikono miwili, ni mimi. Nilikuwa nimeahidiwa usimamizi wa zamu. Nilijua, nikanyamaza. Mama yako alikaa mstari wa mbele, na alipiga makofi kuliko wote kwa sababu alimwona kaka yake pale mbele. Hayo nimeyaeleza katika karatasi ya ushahidi, na anwani yangu kamili chini yake. Wakinitaka, watanikuta hapa. Sharti langu ni kwamba yeye atangulie.

Nisalimie shangazi yako wa duka la dawa, na yule kinyozi rafiki yangu, kama bado anakata upande mmoja mrefu. Wabusu watoto. Mungu awalaze mahali ambapo hakuna tope la mtu juu yenu.

Usiniandalie chumba. Mitaa ile siwezi kuipita mbele ya waliobaki. Sirudi.

Mjomba wako, anayekupenda hata ukiacha kumpenda