Mwanangu Anakimbia Kilomita Mia, na Kituoni Amemchagua Mkwe Mwenye Filimbi

Binti yangu amekubaliwa kukimbia kilomita mia moja milimani! Mia moja, Shangazi, siyo kumi wala ishirini, mia nzima, kwa miguu yake hii hii niliyokuwa nikiikata kucha mimi, kupanda mlima na kushuka mlima, msituni na kwenye mawe, mchana kutwa na usiku kucha, na jina lake limetoka kati ya walioruhusiwa, nimeliona kwa macho yangu kwenye simu, nikapiga kelele mpaka jirani wa ghorofa ya juu akateremka na ndoo ya maji akidhani kuna moto.

Haya, sasa salamu. Shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana furaha imenijaa mpaka hapa kooni na donge nalo limekaa hapo hapo, na koo ni moja.

Mimi ni mpiga pasi wa hoteli. Chumba chetu kiko chini kabisa, karibu na mitambo ya maji moto, tumo wanawake sita na mvuke, na shuka likitoka mkononi mwangu unaweza kujikata kidole kwenye mkunjo wake. Shule sikufika mbali, lakini wa kwangu amefika. Anakata vioo vya madirisha, kazi ya mkono usiotetemeka, na tangu aolewe ameshikwa na homa hii ya kukimbia milimani, siku za mapumziko watu wengine wanalala yeye anatafuta kilima. Mimi namwita Kimbunga. Nisikufiche, mbio hasa hana, akikimbia unaweza kumpita na mfuko wako wa sokoni na bado ukasimama kusalimia watu, lakini haachi, Shangazi, hicho ndicho kipaji chake, wenzake wakikaa chini kutapika yeye anatapika huku anatembea. Kucha mbili za miguuni zimeng'oka. Alinitumia picha, na mimi niliwaonyesha wenzangu kazini wakati wa chai, msimamizi wetu akasukuma kikombe pembeni akasema, "Mama Kimbunga, mwanao ni shujaa, lakini leo umeniharibia andazi." Asubuhi kabla ya kazi anapanda na kushuka ngazi za jengo analoishi, kifuani amevaa kizibao chenye chupa za maji, na wapangaji wakilalamika nawaambia, ngojeni tu, mtakuja kujisifu kwamba mliishi naye.

Sasa nikueleze mambo ya mbio hizi, maana usipoyajua hutanielewa. Njiani kuna vituo, wakimbiaji wanapata maji na chakula, na katika kituo kikubwa cha katikati kila mkimbiaji anaruhusiwa mtu wake mmoja wa kumhudumia, mmoja tu, wa kumpa soksi kavu na kumjazia chupa. Na kituo kina saa yake ya kufungwa. Ikikukuta bado umo ndani, basi, wanakutoa kwenye mbio, unapanda gari la walioshindwa.

Mwaka jana alikimbia kilomita sitini, na mtu wake wa kituoni nilikuwa mimi. Shangazi, nilijiandaa! Wenzangu waliokuja kusubiri watu wao walikuwa na vifuko vya plastiki wamesimama kama wanangoja basi, mimi nilikuwa na kiti cha kukunja chenye mito miwili, beseni, maji ya moto kwenye chupa kubwa, supu, taulo, na blanketi nililolipiga pasi mwenyewe. Wakimbiaji walikuwa wakipita wanakitazama kile kiti kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Mmoja mwenye ndevu, simjui hanijui, aliniuliza, "Mama, huna mtoto mwingine unayetaka kumlea?"

Kimbunga akaja, uso umemshuka, akasema, "Mama, nikae dakika mbili tu." Nikamkalisha. Nikamvua viatu, nikamkanda miguu kwenye maji ya vuguvugu, nikamnywesha supu, nikamfunika, na mtoto akalala. Akalala, Shangazi, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala mgongoni kwangu. Mimi nikakaa chini pembeni nikimpepea na nikajisikia malkia. Akaja kijana mmoja wa waandaaji na kipaza sauti, anatangaza sijui kituo kinafungwa baada ya dakika kumi, sijui mkimbiaji namba fulani aondoke, nikamwambia, "Wewe, punguza sauti, huoni mtoto amelala?" Akapunguza. Alikuwa na adabu yule kijana. Muda ulipokwisha akaja taratibu, kwa kunyata, akaifungua namba ya mwanangu kifuani bila kumwamsha.

Alipoamka alijipapasa kifua kwanza. Kisha akanitazama. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alilia kwenye gari njia nzima amepakata viatu vyake, na mimi nikamwambia, "Si ulikuwa umechoka, mwanangu?" Akasema, "Ndiyo, mama, nilikuwa nimechoka," basi, hatukuliongelea tena. Mimi mpaka leo nasema nilimtunza. Nani alitoka pale amepumzika kuliko mwanangu? Hakuna.

Tuje kwenye donge. Juzi amekuja nyumbani kula, mimi nimeshapanga vitu vya kituoni, nimeshafua mito ya kiti, nimeshaongeza na mwavuli, akaweka kijiko chini.

"Mama, safari hii kituoni nimemwomba mama mkwe."

"Mama mkwe yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Shangazi, mkwe mwenzangu ni askari wa barabarani mstaafu. Amestaafu kazi lakini filimbi hajaistaafisha. Sisemi kwamba ni mtu mbaya, tunaheshimiana, sikukuu tunatembeleana, lakini yule mama hata chumvi akiomba mezani unajikuta umesimama kando na leseni mkononi. Binti yangu akifanya mazoezi ya mlimani mkwe anamngoja kwenye kona, anampa kiazi cha kuchemsha mkononi na papo hapo anamgeuza bega: "Kula ukitembea! Hapa si maegesho! Songa!" Halafu filimbi. Mwanangu anacheka, ananisimulia huku anacheka, na mimi nacheka naye, halafu nikibaki peke yangu sicheki.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi ndiyo nimefukuzwa kazi?" Akasema, "Mama, nakupenda, lakini nataka kumaliza." Baba yake, ambaye kwa kawaida akiwa anakula haongei, akasema, "Mwache mtoto akimbie," akaendelea na mchuzi wake. Mtu mzima na akili zake, anaongea mara moja kwa wiki, na anaongea dhidi yangu.

Na mimi nimeshatangaza! Chumba kizima cha pasi kinajua kwamba mimi ndiye mhudumu wa mkimbiaji, wapishi wanajua, mapokezi wanajua, mgeni mmoja wa chumba cha juu aliyekuja kuuliza shati lake naye anajua. Dada zangu na watoto wao wamekodi basi. Tumetengeneza fulana za njano zenye uso wa Kimbunga mbele, na ya kwangu mgongoni imeandikwa MHUDUMU MKUU. Nitaivaaje? Nitasimama wapi nayo, wakati mkwe yuko kituoni anapuliza?

Kwa hiyo nimepata wazo, ndiyo nataka unithibitishie. Kuna mahali njiani, baada ya kile kituo, kuna jiwe kubwa na gari linafika karibu. Nikijibanza pale na kiti changu na supu yangu, Kimbunga akipita nikatokea tu, "Mwanangu, karibu," si atafurahi? Nani atajua? Ni mimi na yeye na jiwe.

Niambie ukweli, Shangazi. Mimi ndiye niliyembeba, mimi nilimfundisha kufunga kamba za viatu akiwa amekaa kwenye kikapu cha mashuka, iweje siku kubwa kama hii apokewe na mwanamke mwingine? Au mtoto ananionea aibu? Hilo tu ndilo linalonikaba. Mengine yote ni raha tupu, nakuapia, hata hivi nakuandikia nacheka.

Ni mimi, Mama Kimbunga, chumba cha pasi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Kimbunga, ingawa nina wasiwasi tumelingana. Hongera! Kilomita mia milimani! Mimi kupanda ngazi za ofisi hii natafuta mahali pa kushika. Umezaa mtu, mama, na hilo tulisherehekee kabla sijakugombeza.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ulimwambia mwandaaji apunguze sauti! Nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia kama niko salama. Nimeisoma barua yako kwa sauti ofisini, na wote wamesema huyu mama tunampenda, na wote wamesema mwezi huu asisogee karibu na kituo kile. Mama, ulimlaza. Ulimlaza vizuri, kwa ustadi, kwa maji ya vuguvugu, na ukakaa hapo ukimpepea wakati kazi yake ya mwaka mzima inafunguliwa pini kifuani. Usiniambie alitoka amepumzika. Hakwenda kule kupumzika, kitanda anacho kwake.

Na hilo jiwe, lisahau leo hii. Nimempigia simu mmoja wa watu wanaoandaa mbio hizo, na amenieleza kwamba mkimbiaji akipokea hata kijiko cha supu nje ya kituo anaondolewa. Haitasaidia kwamba ni supu ya mama yake. Ukitokea nyuma ya jiwe na bakuli, safari hii hutamlaza, utamfuta kabisa. Unataka mwanao aogope kila jiwe njia nzima kwa kuwa huenda mama yumo nyuma yake?

Umeniuliza kama anakuonea aibu. Hapana. Hebu nikuulize na mimi: mwanao anatapika akitembea, kucha zinang'oka anapiga picha, hakuna mlima unaomkalisha. Mbele ya nani alikaa? Mbele yako. Watu wote duniani anaweza kuwadanganya kwamba hajachoka, isipokuwa wewe. Akikuona tu mwili wake unasema tumefika nyumbani, na ndiyo maana hakutaki kilomita ya hamsini, kwa sababu bado zimebaki hamsini. Mkwe anaweza kumpulizia filimbi kwa kuwa mbele ya mkwe mtu hajiachii. Hajakunyang'anya mtoto yule mama. Amepewa kazi ngumu ya kumfukuza, na mimi kama ningekuwa wewe ningemhurumia.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo jioni mpigie simu mkwe mwenzako. Usianze na malalamiko, anza na chakula. Mwambie tumbo la Kimbunga likivurugika anakubali nini na anakataa nini, mwambie soksi zipi zinamchubua, mwambie akisema "dakika mbili tu" asimwamini hata kidogo. Hayo unayajua wewe peke yako, na mkwe akiyakosa filimbi yake haitamfikisha mbali. Kisha mwambie binti yako maneno mawili ambayo hukumwambia mle garini, "samahani, mwanangu," na usiongeze "lakini."

Halafu kiti, mito, beseni, blanketi na hiyo fulana yako, vyote upeleke mstari wa mwisho. Uivae na maandishi yake ya mgongoni bila aibu. Pale ndipo mhudumu mkuu anapohitajika, pale hakuna saa ya kumfukuza mtu, hata akilala mpaka kesho yake kijana wa kipaza sauti hana la kusema. Asikie sauti yako kutoka kona ya mwisho, na usikae kimya, nakujua hutaweza.

Jambo la mwisho, na hili liwafikie dada zako, wapishi, mapokezi na baba Kimbunga. Msije Jumamosi. Yule mwandaaji ameniambia mbio zinaanza Jumamosi alfajiri, na wale wanaofika jioni yake ni wenye mbio, ambao wewe mwenyewe umeniambia binti yako si mmoja wao. Mkija siku hiyo mtapigia makofi watoto wa watu, mtachoka, mtaondoka, na Kimbunga atakuta turubai na wafagiaji. Yeye yumo usiku mzima huko juu na taa yake kichwani, haachi, na atashuka kilima cha mwisho asubuhi inayofuata pamoja na wale wa nyuma, ambao hakuna anayewangoja. Ninyi muwangoje wote. Basi liondoke mapema, fulana zote za njano ziwe mstarini jua likichomoza, na moja mniletee mimi, saizi kubwa, maana sitakosa. Ni Jumapili.