Etaji ya Tatu Juu ya Kisima

Fundi wangu,

Tangu tukuzike, hapa Kasongo watu wameshikwa na wazimu wa kujenga juu, ghorofa juu ya ghorofa. Ile nyumba ya tajiri wa dhahabu karibu na soko, uliyoianza ya etaji mbili, sasa anataka ifike sita. Anasema mutu akitoka Kabambare na pikipiki aione kabla hajafika, ajue huu ni muji. Sokoni wanabishana kutwa. Wengine wanasema sita za nini, na viwanja vimejaa nyasi? Mbili zatosha, tatu ni sifa. Mimi ndiye mukubwa wa kazi sasa, na mimi, mwenye mudomo kama redio, nimenyamaza.

Unajua sababu.

Siku tulipochimba fondasio, wewe na mimi tu, sururu yako ikatumbukia. Kisima cha watu wa zamani, kona ya nyuma, kirefu hata jiwe tulilotupa halikutoa sauti. Ilitupasa kusimamisha kazi, tuwaite wazee wenye udongo wafanye dua. Ukasema, "Tukisema, tajiri atatafuta fundi mwingine." Tukakiziba kwa matofali mabovu na mchanga, tukamwaga beto ya simenti juu, ukaniapisha nisiseme. "Mbili itabeba. Ya tatu, hapana." Mie nikacheka.

Juzi tulimaliza kuta za etaji ya tatu. Saa sita mchana, wenzangu wamekwenda kula, mimi niko chini, uani, kona ile ya nyuma, nikasikia kugonga chini ya beto. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Fundi, muji muzima ni wewe tu uliyegonga tofali hivyo na mwiko wako. Nikajiambia ni panya, ni njaa. Jana kukarudi. Nikapiga magoti, nikaweka sikio. Ile beto iko baridi kama mutungi, na jua lote lile! Nikagonga mara moja. Nikajibiwa mara tatu. Haki ya Mungu, nikakimbia nikaacha kiatu.

Na timazi, kila nikiitundika kwenye kona ile, inavutwa ndani. Upepo hakuna.

Sasa lililonikaa kooni. Chumba cha chini, kona hiyohiyo, tajiri amempa Mama Zaina, mujane wako, auze mawese na alale humo na watoto, kwa heshima yako. Jana aliniambia, "Humu nalala vizuri. Nasikia kama baba yao anafanya kazi." Anatabasamu! Nilitaka kulia, nikaomba maji ya kunywa.

Nimekukasirikia, Fundi. Uliniachia siri pamoja na kazi, ukajiendea. Na bado nakulilia, vile ulivyonikatia nusu ya muhogo wako kila siku ukisema umeshiba, muongo mukubwa wewe.

Lakini la kuvunda halina ubani. Kesho asubuhi nitamwambia tajiri mbele ya mafundi wote kisima kiko wapi, na nani walikifukia. Jina langu nitalitaja kwanza, halafu lako. Waliokusifu kwenye matanga watatema mate. Mama Zaina labda hatanifungulia mulango tena, ila mulango huo utakuwa wa nyumba nyingine.

Pumzika, Fundi wangu. Nakuahidi, jina lako nitalivunja mimi mwenyewe, kwa mukono ulioufundisha. Wanao wanichukie, lakini wakue.

Mwanafunzi wako,
Amisi