Bluberi kwa Chumvi

Mdogo wangu Tatu,

Nakusalimu kwa ulimi wa buluu! Leo mwanangu Asha katupeleka shambani, nje ya mji wao wa Columbus huku Marekani, kuchuma bluberi, maana ndio msimu wake. Ni kama zambarau ndogo zisizo na kokwa, na unaruhusiwa kula huku unachuma. Mimi nilishajiandaa. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa chumvi, nikazitikisa nayo kwenye kikopo kama tulivyokuwa tukifanya na zambarau kwetu Muheza. Asha akaona haya.

"Mama, watu wanatuangalia!"

"Waache waangalie, watajifunza."

Na kweli, mwenye shamba, bibi mwenye mvi kama zangu, akaja akaonja, akafumba macho, akachota tena.

Lakini hilo si kitu. Mjukuu wetu Rahma, ambaye tangu nifike ananijibu Kiingereza tu, alininyooshea kiganja akasema, "Bibi, ongeza chumvi." Nikaongeza, Tatu, mpaka pindo likabaki tupu.

Wabusu wote hapo nyumbani, na zambarau zikianza kuiva tandika kitanda cha wageni. Namleta Rahma.

Dada yako,
Mwanaidi