Uji wa Mama Kabura

Gitega

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu. Huku tuko wazima. Baba yako anashona, mama yako anabishana na majirani. Umeniuliza tena kwa simu kama uache huduma ya taifa urudi nyumbani, eti wamama wa Gashoho hawaji kwenye mafunzo yako. Umenichosha, Zuhura. Hata mwezi haujaisha.

Mimi nami, nilipokuwa na umri wako, walinituma Makebuko nifundishe wamama kulea watoto wachanga. Nilifundisha viti vitupu. Nikakasirika, nikafunga mizigo, lakini malaria ikaniwahi. Jirani yangu, Mama Kabura, akaingia na uji wa mtama bila hata kubisha hodi.

"Kunywa," akasema. "Tulifikiri we hautaki mtu, maana haujawahi kutuomba kitu."

Kesho yake wengine wakaniletea kuni na maji. Nilipopona, walikuja na watoto wao, wakaketi. Mafunzo yalikuwa yaleyale, sikubadilisha hata neno.

Sasa nisikilize. Weka hiyo simu chini, uende kwa jirani yako ukaombe chumvi. Hata kama unayo.

Nakupenda, ijapokuwa umenikasirisha.

Bibi yako, Mwajuma